Matunzo ya mtoto: maswali ninayoulizwa kila Alhamisi hapa Dodoma, tuyajadili humu

MamaPili_Dom (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na kwa ndugu zangu wa hapahapa nyumbani mbukwenyi. Uzi ni mrefu mnivumilie.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, sio wakili, hilo lieleweke mapema. Kila Alhamisi nakaa kwenye ofisi ya kata moja hapa mjini kuanzia saa tatu asubuhi. Kesi za viwanja zipo (Dodoma ya sasa hivi nani hana mgogoro wa kiwanja), mirathi ipo, ila nikikuta benchi limejaa kina mama wana watoto mgongoni najua leo ni matunzo mpaka jioni. Maswali ni yaleyale kila wiki, nikaona niyalete humu maana wengine mnafika kwetu mmeshapoteza nauli na mda kwa maneno ya mtaani.

Wiki iliyopita kaja dada mmoja wa Nzuguni, mtoto wake ana mwaka na miezi minane. Ameshaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji, mpaka kijijini kwao na yule kijana huko Bahi, na kule mzee akamwambia kijana wetu hajatoa kwenu hata mbuzi, sasa huyo mtoto anakuwaje wa kwetu. Akarudi, akanyamaza miezi mitano akijua ndio sheria hiyo. Iliniuma sana, kwanza kwa sababu sheria haisemi hivyo hata kidogo, pili kwa sababu kwenye hesabu ya miezi alikuwa anaelekea ukingoni na hajui. Ntaeleza.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mtoto ya 2009, ya Tanzania Bara (wa Zanzibar mna ya kwenu ya 2011). Haiulizi ng'ombe wala mbuzi, haiulizi kama mlifunga ndoa au mlikutana tu stendi ya Nanenane. Inauliza huyu ni mtoto wa nani na anahitaji nini. Kifungu cha 8 kinataja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, mpaka haki ya kucheza na kupumzika. Mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Wajibu ni wa wazazi wote wawili, na hapa kina mama wenzangu tusikilizane, na wewe pia una fungu lako, hakimu atakuuliza unaingiza nini.

Sasa ile hesabu ya miezi. Kama hamjaoana na mwanaume anaitwa tu "anayedaiwa kuwa baba", mama anaweza kupeleka maombi ya matunzo akiwa bado mjamzito, au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Miezi 24! Watu wanakaa wanasubiri "atabadilika", "mama yake kasema ataongea nae", "akivuna alizeti atatuma", mtoto anafika miaka mitatu. Mlango haufungiki kabisa ikipita, maana kama ndani ya hiyo miezi 24 aliwahi kutoa hela ya matunzo unaweza kuomba baadae kwa kuthibitisha hilo, na kama alikuwa ametoka Bara kuna miezi 24 mingine tangu arudi. Ila kazi inakuwa ngumu, kwaiyo yule dada wa Nzuguni kabakiwa na miezi minne na Jumatatu yake tulikuwa kwa afisa ustawi wa jamii.

Wapi pa kuanzia? Afisa ustawi wa jamii. Watu hawamjui huyu mtu wakati kazi yake ndio hii. Anamwita baba, mnakaa, mkikubaliana mnaandikishana na kusaini, na kesi nyingi zinaishia hapo bila kumwona hakimu. Akikataa, maombi yanaenda Mahakama ya Watoto. Usishangae kukuta inakaa kwenye jengo la mahakama ya mwanzo, ni sawa, Jaji Mkuu anaweza kuteua majengo hayo, na anayesikiliza ni hakimu mkazi. Shauri linasikilizwa faragha, hakuna umati wa kukukodolea macho. Wengi mnaogopa hiyo aibu ndio maana nimeitaja.

Mtendaji wa kata na mwenyekiti wanasaidia kuita watu na kuandika barua ya utambulisho, ila hawana mamlaka ya kumlazimisha mtu kulipa. Karatasi ya "ameahidi elfu hamsini" iliyogongwa mhuri wa mtaa itunze, ni ushahidi, lakini haimkati mtu mshahara.

Na mimi sisemi haya kutoka kwenye semina. Miaka kadhaa nyuma nilimbeba mwanangu wa pili nikaenda ofisi moja kuomba msaada, yule niliyemkuta akaniambia bila hata kuniangalia, dada mambo ya chumbani mkayamalize chumbani. Nikarudi nyumbani. Nilikaa mwaka mzima nauza nyanya za mafungu pale Majengo na mtoto kwenye boksi chini ya meza, kumbe haki yake ipo kwenye karatasi tangu 2009. Ndio maana nimekuja huku kujitolea.

Ulizeni, ntajibu ninachokijua.

Kijana_wa_Kizota

Dada heshima yako. Upande wa pili nao usikilizwe. Mimi mwanangu ana miaka mitano, tangu mama yake aolewe Singida nimemuona mara moja tu, nikipiga simu haipokelewi ila mwisho wa mwezi meseji ya hela inaingia mapemaa. Nikaacha kutuma. Kwanini nilipie mtoto ambaye sina ruhusa ya kumuona?

MamaPili_Dom

Kaka pole, nimekuelewa na hilo jambo linaumiza, silidharau. Lakini umelijibu kwa kumkata mtoto chakula, na yeye hakukuzuia kitu.

Kisheria haya ni mambo mawili. Kuna matunzo na kuna haki ya kumuona mtoto. Hujaruhusiwa kumuona, peleka maombi ya kumtembelea kwenye Mahakama ya Watoto hiyohiyo, kifungu cha 38, hakimu atapanga siku na likizo. Wewe ukisimama mbele yake una miamala ya kila mwezi mkononi alafu mama hana sababu ya maana, una nguvu kubwa. Ila ukienda umeacha kutuma miezi sita utaanza kujieleza wewe. Rudisha kutuma kaka, hata kama ni kidogo, na kila muamala andika "matunzo ya fulani mwezi wa fulani".

Kina mama na nyie, kumficha mtoto ili baba aumie sio haki yako. Mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wote. Nimeshawaambia wengi hapo ofisini na wengine wamenuna, sawa tu.

Zabibu_Kavu

Da MamaPili nimesoma hapo kwenye miezi 24 mwili umenyong'onyea. Wangu ana miaka minne sasa. Baba yake alitunza mpaka mtoto alipofikisha kama mwaka, alikuwa anatuma kwa simu elfu 30, elfu 20, afu akahamia Dar akaoa akakata mawasiliano. Simu yangu ya zamani iliibiwa, meseji zote zimeenda nayo. Ndio basi tena?

MamaPili_Dom

Sio basi mdogo wangu, tulia. Alikuwa anatuma ndani ya hiyo miezi 24, sio? Basi hicho ndicho sheria inachotaka. Meseji zimepotea ila kampuni ya simu ina kumbukumbu. Kama namba yako ni ileile nenda kwenye duka lao na kitambulisho ombeni taarifa ya miamala ya kipindi hicho. Wakikwambia ya zamani sana haitoki dukani, tutaomba mahakama iwaagize.

Alafu cheti cha kuzaliwa kipo? Jina la baba lipo?

Zabibu_Kavu

Kipo, na jina lake lipo, tulienda wote kliniki kipindi hicho bado anajielewa.

MamaPili_Dom

Ungeanza na hilo! Jina la mzazi kwenye kumbukumbu za vizazi ni ushahidi wa uzazi mbele ya mahakama. Ushahidi mwingine unaotambulika ni kama alifanya sherehe ya kimila ya kumpokea mtoto, kama alikuwa anamtambulisha hadharani ni mwanae, na majibu ya DNA. Akiagizwa apime akakataa, kukataa kwake nako kunahesabiwa. Kwaiyo wewe uko vizuri kuliko unavyodhani.

Na kwa yule ambaye hakuwahi kupata hata mia na cheti hana, bado kuna maombi ya kutambua nani ni mzazi, hayo yanaweza kupelekwa mda wowote kabla mtoto hajafikisha 18. Anaweza kuyapeleka mzazi, mlezi, afisa ustawi, hata mtoto mwenyewe. Akishatambuliwa kuwa baba basi wajibu unamfuata.

Njoo na vitu hivi: cheti, kadi ya kliniki, picha kama zipo, na daftari la matumizi. Hili daftari watu hawalitilii maanani. Andika kila kitu, unga kilo ngapi kwa wiki, maziwa, sabuni, panadol, kodi ya chumba, viatu vya shule, michango. Hakimu hawezi kupanga kiasi kwa kulia kwako, anapanga kwa hesabu.

Mtumishi_Mtumba

Naomba kuuliza kwa heshima. Nina mashaka mtoto sio wangu. Makao makuu ya Mkemia Mkuu (maabara ya serikali inayopima DNA) yapo hapahapa Dodoma, siwezi kumchukua mtoto kimyakimya nikaenda kupima nikajiridhisha kabla haya mambo hayajafika kazini?

MamaPili_Dom

Hapana kaka yangu. Vipimo vya DNA vina sheria yake, nayo ya 2009, na mtu binafsi hajipeleki tu kaunta na mtoto. Ombi linatoka kwa mamlaka zinazotambulika, kama mahakama, afisa ustawi, polisi, wakili au daktari. Imewekwa hivyo kwa sababu majibu yake yanaweza kuvunja nyumba na kumwacha mtoto hana pa kushika.

Nenda ustawi ueleze mashaka yako wazi, au subiri mahakamani uombe kipimo, ni haki yako na hakuna atakayekuona mbaya. Kuna kitu wanaume wengi hawakijui, sheria yenyewe inamtaka hakimu kabla ya kutoa amri dhidi ya anayedaiwa kuwa baba aridhike kwamba kuna sababu za msingi za kuamini ni yeye, na kwamba maombi yameletwa kwa nia njema, sio kumtisha mtu au kumchuna. Umelindwa na wewe. Kitakachokuponza ni kukimbia samansi. Ukikimbia shauri linaweza kusikilizwa bila wewe, na amri ikishatoka mahakama inaweza kuamuru mshahara ukatwe huko huko ofisini, sasa hapo ndio kazini watajua kweli.

Boda_Miyuji

Mimi swali langu fupi tu, ni asilimia ngapi ya kipato? Kuna mtu kijiweni anasema ni nusu. Mimi bodaboda, leo elfu 25 kesho elfu 6, pikipiki yenyewe ya mkataba na nyumbani nina watoto wawili wengine.

MamaPili_Dom

Hakuna asilimia mdogo wangu, huyo wa kijiweni anakutisha. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna kitu kimekupunguzia uwezo wa kutafuta, watoto wengine ulionao, gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Gharama za Ilazo sio za Chilonwa. Kwaiyo hao wawili wa nyumbani wanahesabiwa, ila hawamfuti huyu wa tatu.

Ukweli ni kwamba kwa bodaboda mnaweza kukubaliana kwa wiki badala ya mwezi, naona inafanya kazi vizuri kuliko kungoja tarehe 30 hela imeshaliwa na matengenezo. Na mahakama inaweza kupanga kwa awamu au kwa mkupuo. Ukipata ajali au wakikunyang'anya pikipiki usikae kimya, rudi uombe amri ibadilishwe. Amri ya matunzo inarekebishika, juu na chini. Kinachoharibu ni mtu kuacha kulipa kimyakimya alafu deni linapanda anaanza kuhama mitaa.

Ngoja niwaambie kitu cha zamani mjue tulikotoka. Kabla ya hii sheria ya 2009 kulikuwa na sheria ya kikoloni ya watoto wa nje ya ndoa, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, na ilibaki hivyo miaka na miaka mpaka ilipofutwa na hii ya sasa. Mama zetu walikuwa wanashinda kesi wanaondoka na hela ya pipi.

Mzee_wa_Mpwapwa

Binti yangu hongera kwa kazi. Mimi na bibi yako huku kijijini tuna wajukuu watatu wa binti yetu, yeye yupo mjini anatafuta, baba zao hatuwaoni. Wanasema shule ni bure kwahiyo watume za nini. Sisi tumechoka, mvua zenyewe mwaka huu za kuhesabu. Je wazee wana haki ya kudai?

MamaPili_Dom

Shikamoo babu. Mnayo. Maombi ya matunzo hayaletwi na mama peke yake, mlezi anaweza, ndugu wa mtoto anaweza, na afisa ustawi anaweza. Nyie ndio mnaoishi nao, nendeni kwa afisa ustawi pale halmashauri ya Mpwapwa na majina kamili ya hao vijana na wanakopatikana. Na babu, samahani nikisema hili, hata binti yenu naye aitwe, sio kwa ubaya, ila aandikiwe anachotuma kama wanavyoandikiwa hao kina baba.

Na hilo la shule bure lisikupeni shida. Ada ilifutwa kweli kuanzia 2016 mpaka kidato cha nne na 2022 ikaongezwa mpaka cha sita. Lakini sare, madaftari, viatu, uji wa shuleni na sabuni hajafuta mtu. Ada kufutwa hakumlishi wala hakumvishi mtoto.

Mzee_wa_Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Hata huyo binti tutamwambia.

Mnyonge_Haki

Mi nashauri kinamama muende polisi tu dawati la jinsia wakamatwe, hawa bila pingu hawaelewi.

MamaPili_Dom

Hasira yako naielewa. Ni kweli kutotimiza wajibu kwa mtoto ni kosa, faini inaweza kufika milioni 5 au kifungo hadi miezi 6, au vyote. Na dawati la jinsia na watoto liende pale panapohitajika, mtoto anapigwa, ametelekezwa hana wa kumshika, au mama anatishiwa, hapo usisubiri ustawi wala nini, na simu 116 ya mtoto ni bure. Ila kama shida ni hela tu, mimi siku zote naanza na meza ya ustawi. Mtu akiwa ndani halipi, na akitoka kapoteza kazi mtoto anakula nini?

Ua_la_Chamwino

Dada mimi niliishi nae miaka sita hatujafunga ndoa, tuna wawili. Kaniambia nikienda kudai nitapata za watoto ila nitaondoka bila kijiko kwenye nyumba tuliyojenga wote. Ni kweli?

MamaPili_Dom

Sio kweli mdogo wangu. Hapo tunaingia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia ni mke na mume, kunakuwa na dhana kwamba ni wanandoa, anayepinga ndio aje na ushahidi wa kuipinga. Hata kama ikionekana hamkuwa wanandoa, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu watoto na kuhusu wewe. Habari ya nyumba inahitaji mtu akae nawe na makaratasi, usiimalizie humu, njoo ofisini au tafuta mawakili wa msaada wa kisheria, hasa wale wa kampeni ya Mama Samia wakipita kwenye kata yenu.

Watoto wana umri gani?

Ua_la_Chamwino

Mmoja mitano mwingine miwili na nusu. Anatishia kuwachukua.

MamaPili_Dom

Chini ya miaka saba dhana ya sheria ni kwamba ni vyema mtoto akae na mama, japo inaweza kupingwa kwa sababu za msingi, kwaiyo usiache watoto peke yao ukampa sababu. Asikutishe.

Zabibu_Kavu

Da MamaPili swali la mwisho. Nikipata amri, inaisha lini? Na kama huyo baba akifariki huko Dar?

MamaPili_Dom

Inaenda mpaka afike 18 au aanze kujipatia kipato chake, na akiwa bado anasoma baada ya 18 unaweza kuomba iendelee. Akifariki, mtoto hanyimwi kunufaika na mali ya mzazi wake. Kama uzazi wenyewe ulikuwa haujatambuliwa, maombi ya kuutambua yanapelekwa ndani ya miaka mitatu tangu kifo, ndio maana nakwambia fanya sasa baba akiwa hai na jina lake kwenye cheti likiwa halina ubishi.

Alhamisi naanza saa tatu, njoo mapema kabla benchi halijajaa. Beba cheti, kadi ya kliniki, kitambulisho na hilo daftari, hata kama umeandika wiki moja tu. Na kama una ile namba anayotumia huko Dar iandike pembeni, samansi inahitaji kumfikia. Mtoto mje nae, usimwache kwa jirani, tuna uji.

Zabibu_Kavu

Nakuja dada. Daftari nimeanza leo, nimeandika unga kilo mbili na dagaa.